Nyamburi Aliyeliliwa Mara Mbili

Mwikwabe tumemzika mwaka juzi, kwa hiyo sasa ninaweza kusema. Alipokuwa hai nilikaa kimya. Si kwamba nilimwogopa, mimi Wegesa nimwogope nani, ila yeye naye alinyamaza kwa ajili ya jambo lile lile, tukawa wawili tu tunaolijua chini ya jua hili. Sasa nimebaki peke yangu nalo na linanichosha.

Ninamsimulia Nyamburi, mwanamke aliyenioa. Ndiyo, mwanamke. Asiyejua mila za huku kwetu Mara atacheka, basi acheke amalize. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, na mume ametangulia, anatoa ng'ombe na kuoa msichana ili nyumba isizimike. Wanaiita nyumba ntobhu. Msichana anazaa na mwanamume ambaye mwenye nyumba amemkubali, na watoto ni wa nyumba ile, si wa yule mwanamume. Mimi niliolewa hivyo mwaka themanini na nne, nikatolewa kwetu upande wa Bunda nikaletwa kijiji kimoja nje kidogo ya Butiama. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimwita mama. Yeye aliniita mwanangu, na akiwa na furaha aliniita mke wangu, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Kabla ya hapo mama alikaa Musoma mjini miaka kumi na tisa, mtumishi wa familia moja ya Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa. Watoto walipokua akapewa kumtunza bibi yao, Jamnabeni, kikongwe mwembamba mwenye miguu ya msichana. Kila asubuhi kabla ya chai bibi yule alitandika mkeka kwenye baraza la nyuma akafanya yoga. Mwanzoni Nyamburi aliwekwa pale kumshika asianguke. Lakini bibi hakupenda kutazamwa, akamwambia kama ni kukaa hapa, lala chini na wewe ufanye. Ndivyo mtu wa Butiama alivyojifunza yoga miaka yote ile, hakuna aliyemuuliza na yeye hakumsimulia mtu. Bibi akafa. Mwaka themanini na tatu ukaja msako wa wahujumu uchumi, familia ikafunga duka ikaondoka, na mama akarudi kijijini na sanduku moja la bati. Wakati ule sabuni ilikuwa hadithi, sukari kwa foleni, kanga moja inagombewa na wanawake watano. Nani angeuliza habari za kunyoosha mgongo?

Mwaka themanini na sita, masika yakiisha, mama alipanda ngazi ya ghala kuchota mtama. Kipago cha tatu kikakatika. Akaanguka chali juu ya jiwe la kusagia, na mimi niliyekuwa jikoni nikausikia ule mshindo. Ngazi ile Mwikwabe ndiye aliyekuwa ameitengeneza wiki moja kabla, kwa hiari yake, bila kuombwa. Sisemi kitu. Ninasema tu kwamba mzee yule hakuwahi kututengenezea hata kitasa cha mlango.

Mwikwabe alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Nyamburi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na sisi wetu alikuwa anakuja kila asubuhi na fimbo yake na kofia ya pama. Mama alikaa hospitali wiki tatu, kitanda kimoja wawili, dawa hakuna, tukaambiwa arudi nyumbani alale asitikisike. Miguu ilikuwa na ganzi. Kujigeuza alijigeuza kwa kunishika shingo. Mwikwabe alisimama mlangoni, akauliza ameamkaje, akatazama paa, akatazama zizi, halafu akanitazama mimi. Siku moja nilimkuta nje kati ya jiko na migomba, anapiga hatua polepole, anahesabu kwa midomo. Nikamuuliza baba unatafuta nini. Akasema anaangalia ardhi kama ni laini.

Nilijua anachongoja. Miaka ile watu walikuwa wameanza kurudi mahame, makazi ya zamani tuliyoondolewa wakati wa Operesheni Vijiji. Serikali ilikuwa imelegeza kamba, watu wamenusa biashara, kila mmoja anataka shamba. Mume wa mama aliacha shamba zuri chini ya kilima cha mawe, eneo la mahame, lina unyevu hata kiangazi. Mwikwabe akaanza kusema kwenye vilabu vya pombe kwamba nyumba ile imekwisha. Hakuna mwanamume. Mtoto wangu Dorotea ni wa kike. Mwenye nyumba ni maiti anayekula ugali. Akikata roho, shamba linarudi kwa ukoo, na mimi mkamwana na mtoto wangu tutahamia kwake. Kuhamia kwake maana yake niwe mke wa tatu wa mzee aliyekuwa akinitazama vile mlangoni. Nilikuwa nalala nikisikiliza mama kama anahema, na ninasema wazi, nusu ilikuwa mapenzi na nusu ilikuwa hofu yangu mwenyewe.

Basi asubuhi moja mama akaniambia nitandike ngozi ya ng'ombe sakafuni nimshushe. Nilikataa. Zamani wazee walizikwa na ngozi, na mtu mgonjwa hashushwi sakafuni ila kwa jambo moja. Akanikemea. Akasema kitanda cha kamba kinamla mgongo, na kwamba anakumbuka kitu. Nikamshusha huku nikilia.

Alianza na pumzi tu. Siku kumi nzima hakufanya kingine. Anavuta hewa kwa pua mpaka tumbo linanyanyuka, anaishika kidogo, anaiachia taratibu kuliko alivyoivuta. Nikamuuliza mgongo unaponaje kwa kuhema, hata mbuzi wanahema. Akanijibu kwamba mbuzi hawaumwi mgongo. Akanieleza kuwa maumivu yanaukaza mwili, na mwili uliokazwa unauma zaidi, kwa hiyo kwanza tuulegeze. Na kweli bwana, siku ya kumi na moja alilala mpaka jogoo, mtu ambaye toka masika alikuwa anasinzia kwa vipande.

Baada ya pumzi zikaja kazi nyingine. Goti moja kifuani, halafu la pili. Nyayo chini na kiuno juu, kidogo kwanza, upana wa kidole. Baada ya miezi miwili akawa anapiga magoti na mikono, anaupandisha mgongo na kuushusha kama paka anayeamka. Halafu kifudifudi, ananyanyua kifua peke yake. Mimi nilimshika kiunoni, na kwa kumshika kila siku na mimi nikazijua. Akifika panapouma hasukumi. Anatulia hapo hapo, anahema, kesho panaachia kidogo. Jamnabeni alikuwaga anasema mwili haushurutishwi, unabembelezwa. Ganzi ikashuka kutoka mapajani ikafika magotini, ikafika vifundoni, ikaisha. Uso ukarudi. Hata choo, ambacho kilikuwa kinamtesa kuliko mgongo wenyewe, kikawa kinakuja vizuri. Krismasi ilimkuta ameketi. Februari alikuwa anatembea ndani ya nyumba kwa kupapasa ukuta.

Hakutaka mtu ajue. Aliogopa ngazi nyingine. Tulifanya mazoezi alfajiri, na Mwikwabe akija na fimbo yake anamkuta kitandani amejifunika shuka, anaguna. Alijua kuguna, mama yule.

Lakini kulikuwa na zoezi la mwisho, nalo nililichukia. Analala chali juu ya ngozi, miguu imeachana kidogo, mikono pembeni, viganja vimefunguka juu, macho yamefungwa. Hatikisiki. Ukimwita haitiki. Anakaa hivyo muda wa ugali kuiva. Jamnabeni mwenyewe aliliita zoezi la maiti, na alifundisha kwamba hapo ndipo mwili unapopokea kazi yote uliyofanya, ukiinuka haraka umeimwaga. Mimi nilikuwa nakwenda jikoni nisione. Siku moja nilimuuliza linamsaidia nini, maana kunyoosha hakunyooshi.

"Linanizoesha," akasema.

Sikumuuliza linamzoesha nini.

Mwezi wa tatu mwaka themanini na saba nilichelewa kisimani, foleni ilikuwa ndefu. Mama alikuwa ameanza peke yake. Na siku hiyo, kwa sababu anayoijua yeye, Mwikwabe alikuja mapema. Akamkuta sakafuni juu ya ngozi, chali, mdomo umeachia kidogo. Akamwita mara tatu. Akamgusa mguu kwa fimbo. Mama haitiki, yupo kwenye zoezi lake. Basi Mwikwabe akatoka nje akapiga yowe la msiba.

Nililisikia nikiwa njiani. Ndoo niliitupa, na ndoo wakati ule ilikuwa mali. Nilipofika ua ulikuwa umejaa. Wanawake wanagaragara. Vijana wawili wa Mwikwabe wamekwisha kuchimba mpaka magotini, pale pale kati ya jiko na migomba alipokuwa anapiga hatua. Na yeye mwenyewe sikumkuta analia. Nilimkuta zizini, anatoa miti ya mlangoni, anawafungulia ng'ombe wetu. Nilitaka kulia, hasira ikanizuia.

Ndipo Nyamburi akatokea mlangoni. Amesimama. Fimbo mkono mmoja, shuka limefungwa vizuri kifuani, na hakuna mtu pale aliyekuwa amemwona akisimama toka mwaka uliopita.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Loo! Watu walikimbia. Jirani yetu Tereza, mwanamke mnene, mwenye heshima zake kanisani, alitumbukia kwenye lile shimo akatolewa na watu wanne. Baadaye nilimuuliza mama kwa nini hakutoka yowe lilipoanza. Akasema alilisikia toka la kwanza, ila alikuwa hajamaliza.

Mambo hayakuishia kwenye kicheko. Mzee Stanislausi, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa mila na huku ni mzee wa kanisa, aliwakusanya watu jioni ile. Kumlilia mtu aliye hai, alisema, ni kukiita kilio cha kweli, na kikiitwa kinakuja hata kama kinachelewa. Mwikwabe akatozwa mbuzi, mbuzi akachinjwa mbele ya mlango wetu, na yeye akanawishwa mikono hadharani mbele ya wake zake na wakwe zake. Wazee wakaweka na sharti. Kuanzia siku ile, atakayemlilia Nyamburi tena kwa makosa atatoa ng'ombe wawili, na kama ni mtu wa ukoo hatakaa tena penye baraza. Shimo nalo halikuweza kuachwa. Shimo la mtu likifunguliwa halifungwi tupu. Wakakata shina la mgomba, wakalilaza ndani, wakafukia.

Mama aliangalia mpaka udongo wa mwisho. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema habari za mvua, kwamba limepewa mgomba lakini litakuja kutaka chakula chenyewe. Toka siku hiyo sikupita upande ule wa ua nikiwa peke yangu.

Sasa Mwikwabe alikuwa amejeruhiwa penye heshima, na mtu wa namna hiyo harudi nyuma. Akapeleka shauri la shamba mbele ya wazee. Wazee wakakaa, wakasema hivi: mila inajua nyumba hai na nyumba iliyokufa. Mwenye nyumba hai anaonyesha mpaka kwa miguu yake. Baada ya mavuno, Nyamburi atoke mlangoni kwake aende alama kwa alama, zote nne, bila kubebwa wala kushikwa. Akifika, shamba ni la nyumba yake, na mkamwana wake na uzao wake hawaguswi milele. Asipofika, nyumba imekufa, Mwikwabe achukue. Alama zile mumewe alimwonyesha yeye peke yake. Ya kwanza ilikuwa mkonge, ya pili mnyaa, ya tatu mawe matatu ya jiko la zamani. Ya nne ilikuwa juu kabisa ya kilima, kwenye mwamba, shimo dogo ambamo mama mkwe wake alikuwa anasagia ulezi.

Tukaendelea na mazoezi mara mbili kwa siku. Sasa nilikuwa nafanya naye, ngozi mbili sambamba. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu niliyekuwa nabeba kuni. Mwezi wa saba Clementi, mganga wa zahanati, alipita kuchanja watoto, nikamwomba ampime. Alimpima mgongo, akamwinamisha, akamgeuza, akatikisa kichwa kwa mshangao. Akasema kama wagonjwa wake wote wangehema na kujinyoosha hivi, angefunga zahanati akalime. Halafu akaweka kile chombo cha kusikilizia kifuani, na akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mgongo umepona, mama," akasema. "Moyo ndio hautaki mlima."

Alitueleza kwamba moyo umetanuka, labda toka siku nyingi. Pumzi zile zinausaidia, presha yake imeshuka vizuri, tambarare anaweza kutembea mpaka azeeke. Mlima, hapana.

Nilimwomba mama aache. Nilipiga magoti. Nilimwambia shamba lipotee, nitakwenda kwa Mwikwabe, nitapika, nitazaa, watu wanaolewa na wabaya zaidi na wanaishi. Nilisema uongo, na yeye alijua. Nilikuwa nampenda yule mwanamke kuliko nilivyompenda mama aliyenizaa, na sikuwa nimewahi kumwambia, nikamwambia siku ile. Akanipangusa uso kwa upindo wa kanga yake. Akasema miguu amerudishiwa, na aliyerudishiwa miguu akakaa nayo kitandani ni mwizi. Akasema pia nisipike pombe nyingi, wazee wale wanakunywa kama mchanga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Alitoka mlangoni jua likiwa bado halijawa kali. Mkonge, akagusa kwa fimbo. Mnyaa, akagusa. Kwenye mawe ya jiko la zamani alikaa kidogo, akahema kwa pua, mkono tumboni, wazee wamesimama wanamngoja. Mwikwabe alikuwa nyuma yake hatua tano. Halafu kilima. Alipanda kwa hatua moja, pumzi tatu. Hatua moja, pumzi tatu. Niliruhusiwa kufuata lakini si kumgusa. Katikati niliona midomo yake imekuwa na rangi ya zambarau na jasho limekauka ghafla. Nikamwita. Hakugeuka. Nilihesabu pumzi zake mpaka nikasahau za kwangu.

Alifika. Akaondoa majani makavu kwenye mwamba, likaonekana lile shimo la kusagia, laini, limejaa maji ya umande. Akasimamisha fimbo ndani yake. Mzee Stanislausi akainama akagusa maji, akasema amefika. Mwikwabe alitazama chini kwetu, kule nyumba yetu ilikoonekana ndogo, akatema mate.

Shauri la kwetu haliishii mlimani. Linafungwa kwa kinywa. Aliyeshindwa lazima anywe wa kwanza kutoka chungu cha aliyeshinda, kwenye ua wake, na kabla hajanywa neno lolote laweza kufunguliwa tena. Na mwenye nyumba akifa kabla chungu hakijafungwa, yote yaliyofanyika ni bure. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu.

Tulirudi. Mama alitembea mwenyewe mpaka ndani, hakushika hata kizingiti. Akaniambia nimtandikie ngozi, ana kazi ya kupokea. Akalala chali, akaachanisha miguu, akafungua viganja. Nikatoka kuwapakulia wazee waliokaa kwenye kivuli cha ghala. Nilirudi ndani kuchukua kata ya kunywea.

Toka tulipoanza kutandika ngozi mbili nilikuwa nikimtazama katika zoezi lile kila siku. Tumbo linapanda, linashuka, polepole sana, lakini linapanda. Nikasimama nikangoja lipande. Nzi akatua kwenye kope lake la kushoto. Akatembea mpaka kona ya jicho. Mama hakupepesa.

Yowe lilinijia mpaka kwenye meno. Nilijiuma mkono, alama ninayo mpaka leo hapa chini ya kidole gumba. Nikachukua ile kata, nikatoka, nikawapelekea pombe.

Mzee Stanislausi akasema mwenye nyumba aje awe shahidi wakati chungu kinafungwa. Nikasema yupo kwenye zoezi la mwisho, mnajua wenyewe haamshwi. Watu wakacheka, wakakumbuka Tereza shimoni. Mwikwabe hakucheka. Akasema kabla hajanywa atakwenda kumwona shemeji yake, ampe mkono, yaishe. Akainuka. Nilimfuata mpaka mlangoni.

Akasimama pale pale alipokuwa anasimama kila asubuhi, na fimbo yake na kofia yake. Akamtazama mama. Nzi walikuwa wawili sasa. Aliwatazama wale nzi kwa muda, halafu akanigeukia na kunitazama usoni, na alitazama mkono wangu unaotoka damu. Neno moja lingetosha. Angelisema tu na nyumba, shamba, Dorotea na mimi tungekuwa wake kabla jua halijapinduka.

"Amepumzika?" akauliza.

"Amepumzika, baba," nikasema.

Akarudi kwenye ghala. Akachukua kata kwa mikono miwili akanywa yote, akaigeuza kuonyesha kuwa tupu. Wazee wakaitikia. Shauri likafungwa. Mpaka leo sijui. Labda aliwaogopa ng'ombe wawili na ile aibu. Labda hakuyaamini macho yake, maana yalimdanganya mara ya kwanza. Au labda mtu anaweza kuwa mbaya miaka yote akachoka siku moja. Nilipanga kumuuliza, nikapanga kila mwaka, na sasa amekufa.

Walikunywa mpaka chungu kikaisha. Nilitabasamu, nilipakua, nilijibu mizaha. Wa mwisho alipopotea kwenye kona ya minyaa jua lilikuwa bado liko juu ya kilima. Nikaingia ndani, nikawafukuza nzi, nikamshika viganja vyake vilivyofunguka. Vilikuwa vimepoa. Halafu nikatoka mlangoni nikapiga lile yowe nililolibeba toka mchana.

Hakuja mtu. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka sauti ikapasuka. Ng'ambo ya uzio nilimsikia Tereza akiwazuia watoto wake, anawaambia ni yale mazoezi ya mama Nyamburi, tulieni, mnataka kututoza ng'ombe? Watu walisimama kwenye milango yao wakanitazama wakitikisa vichwa. Nililia peke yangu kwenye ua uliojaa kata tupu, na sijawahi kuwa peke yangu vile tena.

Ndipo nikamwona Mwikwabe. Hakuwa amekwenda kwake. Alikuwa amekaa nyuma ya ghala muda wote, kofia magotini. Akainuka, akaja polepole, akasimama mbali kidogo nami kama mtu anayekuja ukweni.

"Mkamwana," akasema, "sasa nilie?"

Nikamwambia, "Lia, baba."

Akaweka fimbo chini, akapiga yowe. Na kijiji kizima kikaja mbio, maana kila mtu alijua kwamba Mwikwabe hawezi kumlilia Nyamburi mara ya pili bila kuwa na uhakika.